Niliziweka sabufa vizuri kuliko siku zote, na ngoma ya kaka yangu haikusikika

Jumatatu ya Pasaka, saa nne kasoro robo asubuhi. Mlango wa ghala ulifunguliwa muda huo, na haya yote yalianzia hapo.

Wakuu, shikamooni. Wa rika langu, mambo zenu.

Mimi ni kati ya wale wa kusoma na kupita. Nipo humu muda tu ila sijawahi kuandika hata neno moja. Sio dharau, ndivyo nilivyo. Hata darasani nikijua jibu namnong'oneza jirani yangu, yeye ndiye ananyoosha mkono. Nipo form three, kwa hiyo mtakaoanza na "dogo nenda kasome", nasoma, msijali.

Haya nimeyatoa kwenye diary yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea, hata pale ambapo yananiumbua.

Twende.

Kwetu ni Kagongwa, njia ya Kahama. Baba yangu analima mpunga, na pia ni manju. Kwa wasio wa huku, manju ni kiongozi wa kikundi cha ngoma, yeye ndiye anayetunga nyimbo na kuzianzisha. Kikundi chake ni cha asili kabisa, ngoma za ngozi, njuga, mikia ya ng'ombe.

Kaka yangu, nitamwita Masanja, ndiye alikuwa anapiga ngoma kubwa. Hiyo ndiyo inayoshika mwendo. Nyingine zote zinaifuata, na wachezaji wanaikanyaga hiyo hiyo.

Upande wa mama nina mjomba mwenye muziki wa kukodi. Harusi, send-off, mikutano ya injili, yeye anaenda kokote. Tangu nikiwa darasa la saba namsaidia likizo. Kazi hiyo naipenda kwa sababu huhitaji kuongea na mtu. Unavuta waya, unasikiliza, unarekebisha. Mtu akija na maneno mengi unamwonesha Mjomba kwa kidole.

Sasa huku kwetu mashindano ya ngoma hayana jaji. Hakuna mtu anakaa na karatasi anatoa maksi. Vikundi viwili vinacheza muda huo huo, kimoja upande huu na kingine upande ule, watu wako katikati na miguu yao. Anayewavuta watu wengi ndiye mshindi. Unaweza kuwa unacheza vizuri mpaka unalia, ukigeuka ukakuta umeachiwa watoto na mbwa, umeshindwa.

Kawaida mambo haya ni ya kiangazi, baada ya mavuno, uwanjani. Lakini mwaka huu mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa alitaka Pasaka iwe na shamrashamra, akatoa ng'ombe dume kwa mshindi. Na kwa kuwa mvua zilikuwa bado zinanyesha, akatoa na ghala lake. Ghala refu kweli. Mpunga wa msimu uliopita ulikuwa umeshauzwa karibu wote, yalibaki magunia yamepangwa upande mmoja tu, upande wa mlangoni. Kule mwisho ulikuwa ukuta mtupu, tofali chini na bati juu.

Upande mmoja kikundi cha Baba. Upande wa pili kikundi cha mabinti wa mtaani kwetu, wanacheza singeli na mchanganyiko wa nyimbo za harusi, wakiongozwa na Neema. Neema ni rafiki yangu, yule anayenyoosha mkono darasani kwa majibu yangu. Muziki wao ulikuwa wa Mjomba.

Kwa hiyo mimi nilikuwa upande wa kushindana na baba yangu mzazi.

Wala hakuchukia. Huku ni kawaida nyumba moja kugawanyika. Asubuhi ile nikimpa maji ya kunawa aliniambia, "Mayu, ukitoka hapo mlangoni wewe si binti yangu mpaka jioni. Nisije nikakuona unanionea huruma." Ananiita Mayu, mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Masanja naye akadakia akiwa anakaza kamba za ngoma yake. "Hayo makabati yenu umeme ukikatika mtacheza na nini? Sisi yetu inakula ngozi tu."

Nilicheka chinichini nikaenda zangu.

Ila wakuu, nyuma ya ule utani kulikuwa na jambo, na wote nyumbani tulilijua.

Masanja alikuwa amesema, mbele ya Baba na Mama, kwamba hii ni mara ya mwisho. Msimu uliopita walishindwa kule Didia, wakashindwa tena hapa hapa nyumbani. Vijana wa kikundi walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwenda Geita kwenye machimbo. Rafiki yake aliyetangulia alimtumia picha akiwa na pikipiki mpya. Masanja akasema, "Tukishinda nabaki, nalima na napiga ngoma. Tukishindwa naenda na mimi. Siwezi kuzeeka napigia watoto na mbwa."

Mama hapendi hata kulisikia neno duara, yaani shimo la machimbo. Mdogo wake wa mwisho aliingia kwenye shimo kutafuta dhahabu, udongo ukashuka. Mpaka leo kuna sahani yake ya bati jikoni kwetu hakuna anayeilia.

Kwa hiyo na mimi nilitaka Baba ashinde. Naomba hilo mlielewe. Nilitaka kikundi changu kifanye vizuri, na nilitaka Baba ashinde, vyote viwili. Sijui nilitegemea vipi.

Sasa mambo ya sabufa. Wasiopenda ufundi wavumilie kidogo, bila hii hamtaelewa.

Mjomba ana sabufa mbili kubwa, zile za kubebwa na watu wanne. Siku zote anaweka moja kushoto na moja kulia, spika za kawaida juu yake, inakaa kama picha. Siku hiyo aliamka na jino linamuuma, shavu limevimba. Akaniambia, "Leo panga wewe. Mimi nitakaa kwenye mixer."

Hajawahi kuniambia hivyo. Nilihisi masikio yanapata moto.

Kuna kitu alinifundisha siku nyingi na nimekiandika ukurasa wa kwanza wa diary. Sauti ya juu unaisikiliza umekaa, bezi unaisikiliza unatembea. Maana bezi haikai sawa ndani ya chumba. Kuna mahali inajaa mpaka kifua kinatetemeka, unasogea hatua chache inapotea kama haijawahi kuwepo. Ndiyo maana unaweka wimbo mmoja wenye bezi ndefu, unatembea ukumbi mzima, kila kona, ndipo unaamua sabufa zikae wapi.

Nikaweka wimbo, nikatembea.

Zikiwa kushoto na kulia, pale mbele palikuwa na michirizi. Hapa ipo, pale haipo. Na bahati mbaya moja ya sehemu zilizokufa ilikuwa pale pale Neema na wenzake watakapochezea. Nikawaomba vijana wabebaji tuzisogeze. Nikajaribu pembeni, ikawa inanguruma kama lori. Mwisho nikaziunganisha zote mbili pamoja, katikati, chini kabisa kwenye sakafu, mbele ya magunia ya mpunga, zikiangalia urefu wa ghala.

Wakuu, ilitulia. Michirizi ikaisha. Ukipigwa mdundo unaupata tumboni halafu unakatika safi, haujikokoti. Yale magunia nyuma yalikuwa yanameza takataka zote. Mjomba akatoa mkono kwenye shavu lake akasema, "Ehee." Mjomba akisema ehee ujue kakubali.

Nikaendelea kutembea kuelekea mwisho wa ghala.

Sikufika.

Karibu na theluthi ya mwisho palikuwa na mstari wa majivu, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Kikundi cha Baba walikuwa wameshaweka mambo yao. Wanangoma wa huku hawaingii uwanjani hivi hivi, lazima pazungushiwe dawa, na ikishawekwa mtu wa upande wa pili havuki. Akivuka ni ugomvi. Hata kama hana nia mbaya, wakishindwa ni yeye, wakianguka ni yeye. (Najua kuna watakaoniuliza dawa na Pasaka wapi na wapi. Mzee aliyemwaga yale majivu nilikuwa naye misa ya asubuhi, aliimba kuliko sisi wote. Mkamuulize yeye.)

Ng'ambo ya majivu wanaume walikuwa wanavaa njuga. Wengine vifua wazi. Masanja akaniona nimesimama pale kama mbuzi aliyeona maji.

"We mpinzani," akasema, "mguu huo ukigusa hapo utavimba kama shavu la Mjomba."

Wakacheka wote. Uso wangu ukachemka. Nikageuka nikarudi haraka.

Ningeweza kumwita Baba pembeni nimwombe. Ningeweza kumwambia Masanja yeye mwenyewe asimame kule anisikilizie. Angefanya, tena kwa kejeli zake, lakini angefanya. Ila hiyo ilimaanisha niongee kwa sauti mbele ya kundi zima la wanaume. Nikajiambia kule ni mbali, bezi itakuwa imeshachoka ikifika. Na kule si kwetu.

Nikatembea ukumbi mzima kasoro sehemu waliyokuwepo watu wangu.

Mashindano yalianza mchana baada ya watu kula. Ghala lilijaa. Mwanzoni watu wengi walikuwa kwa Baba, na nilifurahi. Baba akianza wimbo ana namna ya kuuliza swali kwa sauti nyembamba, halafu kundi linamjibu, na ngoma kubwa inaingia chini yake kama mtu anayekubali kwa kichwa. Watu walikuwa wanapiga vigelegele.

Neema alikuwa bado hajaanza vizuri. Mjomba alikuwa anapasha na spika ndogo.

Kisha akafungua sabufa.

Watu wa katikati waligeuka. Sio wote, ila waligeuka. Neema na wenzake wakaingia na kile kipande cha kuyumba pamoja, na kwa kweli walikuwa vizuri, nisiwanyime haki yao. Wakaanza kusogea upande wetu, kwanza vijana, baadaye kina mama.

Katikati ya mambo, umeme ukakatika. Mjomba alishajiandaa. Jenereta tuliiweka nje, nyuma kabisa ya ghala, ili kelele zake zisiingie kwenye maiki. Akaniambia nikaiwashe.

Kwa muda ule mfupi wa giza la spika, ngoma ya Masanja ilisikika peke yake. Niko nje nakimbia kwenye tope na naisikia. Ilikuwa imenyooka. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisema alikuwa amechoka au amekunywa. Hakuwa amechoka, na kaka yangu hanywi.

Nikavuta kamba, jenereta ikawaka, sabufa zikarudi.

Na pale nilipokuwa nimesimama, nyuma ya ukuta wa mwisho, bati zikaanza kulia. Misumari ilikuwa inacheza kwenye matundu yake. Nikaweka kiganja ukutani. Tofali, wakuu, tofali lilikuwa linatetemeka.

Nikakimbia mpaka upande wetu, nje, nikaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma ya sabufa zenyewe. Umetulia.

Nilielewa hapo hapo. Bezi yangu ilikuwa inatoka kwetu safi, inavuka urefu wote wa ghala, inagonga ukuta mtupu wa kule mwisho na kujikusanya pale. Na kule mwisho ndipo alipokaa Masanja na ngoma yake, mgongo karibu na ukuta. Sauti ya chini ya sabufa na sauti ya chini ya ngoma kubwa ni ndugu. Aliyenenepa zaidi anamfunika mwenzake. Kwetu muziki ulikuwa safi, kwao ilikuwa ni ngurumo tu isiyo na mwendo, na ndani ya hiyo ngurumo kaka yangu alikuwa anapiga kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakisikii.

Nikaingia ndani. Nikamwendea Mjomba, nikamwambia sikioni, "Mjomba, bezi imejaa kule kwa Baba. Tupunguze."

Hakunielewa au alinielewa, sijui. Akasema, "Kule si kwetu. Huoni watu wanakuja?"

Walikuwa wanakuja kweli. Neema alinikonyeza akiwa anacheza. Kitufe cha kupunguza kilikuwa pale, karibu na kidole changu. Hata kugeuza sabufa moja tu ielekee mlangoni kungesaidia. Lakini ningepunguza, watu wangeguna, wangeniangalia, wangeuliza ni nani. Neema angeuliza. Ningetakiwa kujieleza.

Nikarudisha mkono mfukoni.

Kule mwisho Masanja alianza kupiga kwa nguvu zaidi. Nilimwona kwa mbali, mabega yanapanda na kushuka. Mtu asiposikia anachopiga anaongeza nguvu, na akiongeza nguvu anaharibu mwendo. Wachezaji wao wakaanza kukanyagana. Mmoja alianza kushoto wakati wenzake wako kulia. Watu waliobaki kule wakacheka, kisha nao wakaondoka.

Baba alinyanyua mkono. Kikundi kikasimama. Na Mjomba, kwa heshima ya shemeji yake, akashusha muziki. Ndiyo maana kila mtu alisikia.

Baba alisema, "Mpeni mwingine ngoma. Mkono wa huyu umekufa."

Alisema kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma ni nzito zaidi. Mkono kufa kwa mpiga ngoma ni kama kuambiwa hujawahi kuwa.

Masanja aliinuka. Aliiweka ngoma chini taratibu, hakuitupa. Akavuka mstari wa majivu kwa miguu yake mwenyewe, akapita katikati ya watu wetu, akatoka nje. Alipita karibu yangu kabisa.

Tukashinda. Ng'ombe akaletwa. Watu walinijia kunipa mkono, eti bezi ya leo haijawahi kusikika Kagongwa. Mwenye mashine akauliza, "Nani kapanga huu muziki?" na Mjomba akanisukuma mbele. Maisha yangu yote nimetamani siku moja mtu aulize nani kafanya hivi na jibu liwe mimi.

Jioni tulikula nyumbani. Mama aligawa mboga, akamwekea Masanja nyama mbili, hakuzigusa. Baba alikula akiangalia mlango. Nje tulisikia wazee wa kikundi wanabishana kama dawa ilikuwa imeisha nguvu au kuna mtu kavuka.

Nikiwa naosha vyombo Masanja akaja akachuchumaa pembeni yangu. Hakuwa na kejeli zake. Akauliza polepole, kama mtu anayeuliza matokeo ya hospitali.

"Kule ulikokuwa, ulikuwa unanisikia?"

Nikasema, "Nilikuwa mbali."

Sio uongo. Lakini kama nimewahi kusema uongo maishani mwangu, ni hilo neno.

Akatikisa kichwa, akasema, "Wabeja," yaani asante, akaenda kulala.

Sasa kabla sijamalizia na asubuhi yake, niseme niliyojifunza, maana najua humu wengi mnaruka mpaka chini.

Kwa mafundi muziki, tembeeni ukumbi wote. Sio upande wenu tu. Bezi haina upande, ukiiachia hapa inaenda kukaa kwa mtu mwingine, na yule mtu hatajua ni wewe. Atadhani ni yeye. Na mwenye uzoefu wa maghala marefu aniambie angefanyaje, maana bado nawaza. Kuzigawa moja kila mwisho? Kuegemeza magunia kwenye ule ukuta mtupu? Nimechora kila aina.

Kwa wenye aibu kama mimi, sina ushauri mkubwa. Nilikuwa nadhani kunyamaza hakumdhuru mtu. Nilidhani watu wanaoharibu ni wale wanaoongea. Kumbe unaweza kumvunja mtu kwa kutovuka majivu na kutosema sentensi moja wakati amechuchumaa pembeni yako.

Na kwa mlioko machimbo ya upande wa Geita, kuna kijana mrefu, ana kovu dogo kwenye kidole gumba la kukaza kamba. Sitaji jina lake halisi. Akikaa popote anagonga gonga na vidole, kwenye meza, kwenye ndoo, kwenye goti. Mkimwona mwambieni asome uzi huu. Atajijua.

Asubuhi yake ilikuwa hivi.

Nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Mama alikuwa amekaa jikoni, hajawasha moto. Masanja alikuwa ameondoka na gari la kwanza.

Sikunywa chai. Nilimkuta Mjomba ghalani anajiandaa kupakia vyombo, nikamwambia asichomoe waya, aache sabufa pale pale zilipo. Kisha nikamfuata Baba shambani. Sijui nilipata wapi sauti. Nilimsalimia, "Baba, mwangaluka. Naomba twende ghalani, nikuoneshe kitu."

Akaacha jembe.

Ngoma ya Masanja ilikuwa bado kule mwisho, hakuna aliyeibeba. Majivu yalikuwepo, yamekanyagwa kanyagwa. Nikayavuka. Baba aliona, akanifuata.

Nikamwomba asimame pale walipochezea vijana wake. Nikakaa kwenye kigoda cha kaka yangu, nikashika fimbo zake. Sijawahi kupiga ngoma mbele ya mtu, na kwetu si kazi ya binti. Nikampungia Mjomba, akafungua muziki kwa kiasi kile kile cha jana.

Nikapiga. Nilikuwa naona ngozi inaruka, sisikii kitu. Nikamwangalia Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu sakafuni.

Nikampungia Mjomba azime. Nikapiga vile vile, kwa mkono ule ule dhaifu. Ghala zima likaitika.

"Rudia," Baba akasema.

Mjomba akawasha, akazima. Nikarudia. Mara ya tatu Baba alivua kofia yake, akaja kuweka kiganja kwenye ule ukuta, akakiacha pale mpaka muziki ulipozimwa.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua katikati, Baba. Nilinyamaza."

Nilitegemea anipige. Alikaa chini kwenye sakafu, akatoa simu yake ya tochi, akanipa mkononi ili nimtafutie namba ya Masanja. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Nikatoa simu janja ya Mama niliyoazima, nikaiegemeza kwenye gunia tupu, nikabonyeza kurekodi sauti. Nikasema, "Kaka, nilikuwa nakusikia. Umeme ulipokatika nilikusikia kabisa. Ni sabufa zilikufunika, na aliyeziweka ni mimi." Halafu nikapiga ngoma yake, kidogo tu, ule mwendo anaoingia nao Baba akimaliza kuuliza.

Nikatuma. Ikaweka tiki moja.

Baba akasogea akachungulia kioo. Hajui kusoma simu hizi.

"Imefika?"

"Bado."

Akakaa vizuri, akaegemea ule ukuta, akaanza ule wimbo kwa ile sauti nyembamba ya kuuliza. Akakatisha, akanionesha ngoma kwa kidevu.

"Basi mtumie nyingine. Safari hii na mimi nitakuwemo."

Nikabonyeza kurekodi, nikapiga.